Meli za kuhudumia mitambo ya mafuta baharini: Namna ya kuzifuatilia na kusoma vipimo vyake

Nje ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuna mtambo wa gesi uitwao Coral Sul, unaoelea juu ya maji yenye kina cha takriban mita 2,000. Una urefu wa mita 432 na upana wa mita 66. Uliwasili kutoka Korea Kusini Januari 2022, na shehena yake ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika iliondoka Novemba mwaka huohuo. Mtambo wa ukubwa huo ni kama mji mdogo usio na soko wala kisima: chakula, vipuri, kemikali, vifaa vya kazi na hata taka za kurudishwa nchi kavu, vyote hupita mikononi mwa mabaharia wa meli ndogo zinazokwenda na kurudi bila kuandikwa magazetini.

Umbo la meli hizo halifichiki. Vyumba vya mabaharia na chumba cha nahodha vimerundikwa omo, na kuanzia hapo hadi tezi ni sitaha ndefu, tambarare, iliyo wazi kama bodi ya lori. Umbo hilo lilianzia Marekani, kwenye Ghuba ya Mexico, katikati ya miaka ya 1950, pale ilipoundwa meli ya Ebb Tide kwa ajili ya visima vya nje ya pwani ya Louisiana. Kabla ya hapo, wachimbaji walitumia boti za uvuvi na meli kuukuu za kivita, ambazo nafasi yake ya mizigo haikuwa mahali panapofaa kwa mabomba marefu.

Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona meli ya namna hiyo ikiwa nukta inayosogea kwenye ramani, na baada ya kubonyeza mara moja akasoma urefu, upana, uzito na mwaka wa kuundwa kwake. Wanaotazama ni wengi: mke wa baharia, mvuvi anayetaka kujua njia ipi ina msongamano, mwanahabari, wakala wa bandari. Nukta na orodha ya vipimo ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina mpaka wa ukweli wake. Zipo familia zilizoujua mpaka huo kwa msiba.

Nukta inatoka wapi

Chanzo cha nukta ni chombo kilichomo melini kwenyewe. Kinaitwa kwa herufi AIS, yaani mfumo wa meli kujitambulisha wenyewe kwa redio. Chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kila meli yenye ujazo wa 300 na kuendelea inayosafiri kati ya nchi na nchi hulazimika kuwa nacho, na utekelezaji wake ulikamilika mwishoni mwa mwaka 2004. Lengo la awali halikuwa kuwapa watu wa nchi kavu ramani ya kutazama. Lilikuwa kuzuia meli zisigongane gizani na penye ukungu.

Meli ikiwa mwendoni, chombo hicho hutangaza mahali ilipo, kasi yake na uelekeo wake kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Ikitia nanga, hutangaza kila baada ya dakika 3. Jina la meli, vipimo vyake na bandari inakokwenda hutangazwa kila dakika 6. Mawimbi yake ni ya redio ya masafa mafupi, hivyo kituo cha pwani kwa kawaida huyasikia kutoka maili 20 hadi 40 za baharini tu, kutegemea urefu wa mnara. Nje ya hapo kazi hubaki kwa setilaiti, na picha ya setilaiti mara nyingi huchelewa. Ndiyo maana meli iliyo kisimani mbali na pwani inaweza kuonekana kama imesimama tangu jana, kumbe imekwisha kwenda na kurudi.

Mahali na kasi hutoka kwenye vifaa vya meli. Jina la bandari inakoelekea, pamoja na saa ya kutarajiwa kufika, huandikwa kwa mkono na afisa wa zamu, na hapo ndipo makosa huingia. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana mtego wake maalumu: neno PEMBA linaweza kuwa kisiwa cha Pemba cha Tanzania, au mji wa Pemba ulio makao makuu ya Cabo Delgado. Meli inayofuata utaratibu wa kimataifa wa vifupisho vya bandari huandika MZPOL kwa mji wa Msumbiji, kifupisho kinachotunza jina la zamani la kikoloni, Porto Amélia. Lakini si kila afisa huandika hivyo, na wengine husahau kabisa kubadilisha bandari ya safari iliyopita.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Tovuti nyingi huonyesha saa ya dunia. Taarifa iliyoandikwa 12:00 kwa saa hiyo ni saa nane mchana huko Palma, na ni saa tisa alasiri Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma. Watu wawili wa ukoo mmoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanaweza kubishana juu ya meli moja na wote wakawa sahihi.

Kisha kuna kimya cha makusudi. Miongozo ya kimataifa inamruhusu nahodha kuzima chombo hicho akiona kwamba kujitangaza kunahatarisha meli yake. Hoja hiyo si ya kubuni katika maji haya. Oktoba 2011, Tanzania ilitangaza kuwakamata watu saba walioshukiwa kuwa maharamia kutoka Somalia, baada ya kushambuliwa kwa meli iliyokuwa katika shughuli za utafutaji mafuta karibu na kisiwa cha Mafia. Wapo pia wanaozima kwa nia mbaya, kama kuficha uhamishaji wa mafuta baharini. Ramani haitofautishi kati ya hao wawili: nukta hupotea tu.

Septemba 2019, meli ya kuvuta na kuhudumia nanga iitwayo Bourbon Rhode, yenye urefu wa chini kidogo ya mita 50 na bendera ya Luxembourg, ilikuwa ikivuka Atlantiki kutoka Las Palmas kwenda Guyana, nchi iliyokuwa ikijiandaa kuanza kuzalisha mafuta. Maji yaliingia upande wa nyuma, kimbunga Lorenzo kikiwa jirani. Tarehe 26 Septemba meli ikaomba msaada, na baadaye ikathibitika kuwa imezama. Ilikuwa na watu 14. Watatu waliokolewa kutoka kwenye mashua ya kujiokolea, miili minne ilipatikana, na saba hawakuonekana tena. Kwa jamaa waliokuwa wakitazama kutoka mbali, njia iliyochorwa kwenye ramani ilionyesha kwamba meli ilikuwa ikikaribia kimbunga. Haikuonyesha maji yanayopanda ndani yake, wala watu waliobaki juu ya maji baada ya chombo chao cha redio kunyamaza.

Namba isiyobadilika

Anayetaka kufuatilia meli kwa uhakika asishike jina. Majina hubadilika meli inapouzwa, na bendera hubadilika upesi zaidi. Namba yenye tarakimu tisa inayotumiwa na redio ya meli nayo hufuata bendera: tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi, 634 ikiwa Kenya, 674 au 677 Tanzania, 650 Msumbiji, 616 au 620 Komoro. Meli ikihamia bendera nyingine, namba hiyo huachwa.

Inayodumu ni namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini. Ina tarakimu saba, hutolewa mara moja, na hubaki na meli tangu inapoundwa hadi inapokatwa vyuma chakavu. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Tukichukua mfano wa 9074729, tarakimu sita za mwanzo huzidishwa kwa mpangilio na 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha majibu hujumlishwa: 63, 0, 35, 16, 21 na 4 ni 139. Jumla inaishia na 9, na tarakimu ya saba ni 9. Namba isiyotimiza hesabu hiyo imekosewa au imetungwa.

Suala la bendera limewahi kuigusa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta zenye asili ya Iran zilikuwa zimesajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikaagiza zifutwe. Bendera inayopepea tezi haimwambii mtazamaji meli ni ya nani.

Karatasi ya vipimo

Kipimo kinachoeleweka vibaya kuliko vyote ni "tani". Ujazo wa jumla wa meli, ambao wengi huutaja kama tani, si uzito hata kidogo. Ni namba inayokokotolewa kutokana na nafasi yote iliyofungika ndani ya meli, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1969, na hutumika katika ada za bandari na katika kuamua sheria zipi zinaihusu meli. Uzito ambao meli inaweza kubeba, yaani shehena, mafuta yake, maji, chakula na watu kwa pamoja, ni kipimo kingine. Mtu anayelinganisha ujazo wa meli moja na uzito unaobebwa na nyingine analinganisha pishi na kilo.

Kwa meli ya ugavi, hata uzito wa kubeba hausemi mengi. Linaloangaliwa kwanza ni eneo la sitaha kwa mita za mraba, na uzito ambao kila mita ya mraba inaweza kuhimili. Linalofuata ni matangi yaliyo chini ya sitaha, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo haionekani: dizeli, maji ya kunywa, maji ya chumvi nzito, saruji ya unga na tope la kuchimbia, ambalo ni mchanganyiko mzito unaosukumwa kisimani ili kupoza keekee na kuzuia shinikizo la chini ya ardhi. Saruji na tope husukumwa kwa bomba hadi juu ya mtambo huku meli ikiyumba chini yake.

Ili isigonge mtambo wakati wa kazi hiyo, meli hutumia kompyuta inayoongoza propela zake zote, za nyuma na za ubavuni, iweze kubaki mahali pamoja bila nanga. Mfumo huo hutajwa kwa herufi DP na daraja. Daraja la 1 halina kinga ya hitilafu. Daraja la 2 linatakiwa kuendelea kuishikilia meli hata kifaa kimoja kinachofanya kazi kikiharibika. La 3 linaongeza kinga dhidi ya moto au mafuriko katika chumba kizima. Tofauti kati ya 1 na 2 kwenye karatasi ni tarakimu moja. Karibu na mtambo, inaweza kuwa tofauti ya dakika chache za kujinasua au kugonga nguzo.

Kundi la pili ni meli za kuhudumia nanga. Hizi huvuta mitambo, hubeba nanga zake na kuzitandaza sakafuni mwa bahari. Fahari yake ni nguvu ya kuvuta, inayopimwa kwa tani. Meli hufungwa kwa kamba kwenye nguzo imara ya bandarini, injini hupewa nguvu zote, na mzani husoma mvuto. Kipimo hufanywa kwenye maji matulivu, meli ikivuta moja kwa moja kuelekea mbele.

Meli mpya, vipimo vizuri

Bourbon Dolphin ilikuwa na karatasi ya kutamanika. Iliundwa Norway na kukabidhiwa Oktoba 2006, ikiwa na urefu wa mita 75 na upana wa mita 17, na nguvu ya kuvuta ya tani 180. Miezi sita baadaye, tarehe 12 Aprili 2007, ilikuwa kazini magharibi mwa visiwa vya Shetland, Uingereza, ikisaidia kutandaza nanga za mtambo wa kuchimba wa Transocean Rather, kwenye kina cha mita 1,100.

Kwenye kina hicho, mnyororo peke yake ni mzigo unaoning'inia kutoka tezi kama mlima uliopinduliwa. Upepo na mkondo viliisukuma meli nje ya mstari uliokusudiwa. Ili kurudi, ilibidi propela za ubavuni zitumike sana, nazo zilikula umeme uliotokana na injini zilezile za kuvutia. Kwa hiyo tani 180 za kwenye karatasi hazikuwepo tena baharini. Meli nyingine ilijaribu kunasa mnyororo ili kupunguza mzigo, haikufaulu. Nguzo moja ya kuuzuia mnyororo usihame iliteremshwa, mnyororo ukasogea ghafla kuelekea upande wa kushoto, na mvuto uliokuwa ukitoka nyuma ukawa unavuta kutoka ubavuni. Meli ikalala. Kitufe cha dharura cha kuuachia mnyororo kilibonyezwa, lakini winchi haikuundwa kuuachia kwa mara moja. Saa kumi na moja jioni meli ikapinduka.

Ilikuwa na watu 15. Saba waliokolewa. Wanane walifariki, akiwemo nahodha na mwanawe wa miaka 14, aliyekuwa melini katika wiki ya shule ya wanafunzi kuonja kazi. Miili mitano haikupatikana. Meli ilielea juu chini kwa siku tatu kisha ikazama.

Tume iliyoundwa na serikali ya Norway ilitoa ripoti Machi 2008. Haikumtwika lawama mtu mmoja wala kifaa kimoja. Iliona mlolongo: uthabiti mdogo wa meli kwa kazi ya namna ile, mpango wa kazi usioweka wazi wakati wa kusitisha, na usimamizi dhaifu wa usalama kutoka kwa waliohusika wote. Nahodha huyo alikuwa mgeni kwenye meli hiyo, na alikabidhiwa kwa muda wa saa moja na nusu. Vyeti vya uthabiti vilikuwepo, na vilikuwa halali. Havikuwa vimefafanua kwa mabaharia ni mvuto kiasi gani, kutoka pembe ipi, ungetosha kuipindua meli yao.

Ilichukua miaka mingi kwa sheria kulifikia jambo hilo. Marekebisho ya kanuni za kimataifa za uthabiti, yanayozihusu meli za kuhudumia nanga, za kuvuta na za kuinua mizigo, yalipitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Januari 2020. Anayesoma vipimo vya meli ya nanga iliyoundwa kabla ya hapo ana haki ya kuuliza swali la ziada: mabaharia wana jedwali linaloonyesha mvuto wa juu unaoruhusiwa kwa kila pembe, au wana tani za majaribio ya bandarini tu?

Pa kutazama, na la kusema wakati wa dharura

Taarifa zilizo zaidi ya nukta zinapatikana bila malipo. Hifadhidata ya Equasis, inayoendeshwa kwa ushirikiano wa mamlaka za bahari za nchi mbalimbali, humwonyesha aliyejisajili mmiliki, msimamizi, bendera na historia ya ukaguzi wa meli kwa namba yake ya IMO. Kenya, Tanzania, Msumbiji na Komoro ni miongoni mwa nchi za Makubaliano ya Bahari ya Hindi juu ya ukaguzi wa meli bandarini, yaliyoanza kutumika mwaka 1999, na meli zinazozuiliwa kwa kasoro huorodheshwa hadharani. Meli iliyozuiliwa mara mbili kwa sababu ya mashua mbovu za kujiokolea inaeleza mengi kuliko urefu wa sitaha yake.

Kwa mvuvi, kipimo muhimu kuliko vyote hakiko kwenye karatasi ya meli. Sheria ya kimataifa ya bahari inaruhusu nchi kuweka eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka mtambo, na chombo kisicho na kazi hapo hakitakiwi kuingia. Mashua nyingi za wavuvi hazina AIS, kwa hiyo nahodha wa meli ya ugavi anayetegemea skrini yake hazioni humo. Huziona kwa rada, ikiwa mbao na mawimbi vitaruhusu, au kwa macho. Taa usiku ni kinga kubwa kuliko kudhani kwamba kwa kuwa mvuvi anaiona meli kwenye simu, nayo inamwona yeye.

Na meli ikinyamaza huku jamaa wakiwa na hofu, wa kwanza kuulizwa ni kampuni inayoisimamia, ambayo ina njia za mawasiliano ya setilaiti zisizoonekana kwenye ramani za umma. Kukiwa na dalili ya hatari, taarifa hupelekwa kituo cha uratibu wa uokoaji baharini. Cha Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 2006, ni kituo cha kanda, na Dar es Salaam pia ina chake. Mpokeaji wa simu atataka jina la meli na namba ya IMO, mahali ilipoonekana mara ya mwisho, saa ya kuonekana huko ikitajwa kuwa ni saa ya dunia au ya nyumbani, na idadi ya watu waliomo.